Umri wa Muswada

Kuna swali ambalo kompyuta humwuliza mwenyewe mara moja tu, siku ile anapoiunganisha na diski ya akiba kwa mara ya kwanza, na wengi wetu hulijibu kwa kubonyeza kitufe cha kukubali bila ya kulisoma. Swali lenyewe ni hili: matoleo ya zamani ya maandishi yako yahifadhiwe kwa muda gani kabla ya kufutwa? Chini yake huwa pameshaandikwa jibu. Siku 30, pengine. Au mwaka mmoja. Au mpaka nafasi itakapokwisha. Aliyeliandika jibu hilo ni mtu wa mbali ambaye hajapata kuusoma hata ubeti mmoja wa mwandishi anayehusika. Hata hivyo, yeye ndiye atakayekuwa ameamua ni maneno yepi ya mwandishi huyo yatabaki na yepi yatakwenda na maji.

Swali hili huhesabiwa kuwa la mafundi. Mimi nalihesabu kuwa la maadili, tena zito, na nitajaribu kueleza kwa nini. Msomaji asiyetumia vyombo hivi anivumilie kidogo, maana sina budi kuanza na ufundi wenyewe.

Wengi hudhani kwamba nakala ya akiba ni kama kivuli: jalada moja, kivuli kimoja. Sivyo. Programu za siku hizi, kila jalada linapobadilishwa, huiweka hali mpya na kuiacha ya zamani pale ilipo, hata shairi lililosahihishwa mara 40 likawa na matoleo 40 ndani ya diski, kila moja na tarehe na saa yake. Faida yake ni kubwa. Kirusi kikiingia, au jalada likiharibika polepole pasi na mwenyewe kutambua, nakala ya jana nayo huwa imekwisha kuharibika, na kinachookoa ni ile ya mwezi uliopita. Lakini diski ina mwisho wake kama kabati lilivyo na mwisho wake, na ndipo inapotakiwa kanuni ya kuamua nini kitolewe.

Kanuni zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza huhesabu idadi: weka matoleo 10 ya mwisho, la 11 litupwe. Kwa mshairi hii ni kanuni mbaya kabisa. Anayehifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache ataihamisha koma kutoka huku kwenda kule alasiri moja, na ifikapo magharibi koma zake kumi zitakuwa zimelifukuza toleo la mwezi uliopita lililokuwa na beti tatu ambazo sasa hazipo tena. Ya pili huhesabu umri. Hiyo ndiyo iliyoenea, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisemea.

Asili yake ni kanda za sumaku. Katika maofisi ya zamani kazi za kompyuta zilinakiliwa kila usiku kwenye kanda, na kwa kuwa kanda zilikuwa ghali zilizungushwa na kuandikiwa tena. Wataalamu wakabuni mpango wakaupa jina la ukoo: babu, baba na mwana. Kanda ya kila siku ni mwana. Huishi wiki moja, kisha huandikiwa juu yake. Kanda ya mwisho wa wiki, aghalabu ya Ijumaa, ni baba, huishi mwezi. Kanda ya mwisho wa mwezi ni babu, na yeye huishi mwaka au zaidi. Kanda zimeondoka mezani petu, lakini ukoo umebaki. Programu ya Time Machine, ambayo kampuni ya Apple iliitoa mwaka 2007, ilikuja na mpango wa mbari iyo hiyo: nakala za kila saa kwa siku moja iliyopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, za kila wiki kwa miezi ya nyuma yake, mpaka diski ijae, hapo zilizo kongwe kuliko zote hutolewa.

Tazama sasa jinsi mwana anavyopata kuwa baba katika ukoo huu. Hapandi daraja kwa sifa wala kwa tabia. Hupanda kwa sababu alizaliwa Ijumaa. (Katika hili hesabu yetu inaafikiana na ya wataalamu hao, maana sisi tunaianza wiki kwa Jumamosi, na Ijumaa ndiyo ya kufunga.) Niseme kwa mfano wa kazi ya tafsiri. Mtu anatafsiri shairi la Kiarabu na amekwama kwenye neno moja, gharib. Jumatatu ameandika “mgeni”. Jumanne usiku limemjia neno “mkiwa”, na ubeti mzima umegeuka sura, umekuwa wa majonzi. Jumatano amefikiri kwamba Kiswahili kimeshalipokea neno lenyewe, akaliacha “gharibu”. Alhamisi ameona kwamba msomaji kijana hatalielewa. Ijumaa jioni amechoka, amerudi kwenye “mgeni” aliyeanza naye. Programu itamhifadhi nini baada ya mwezi? Mgeni. Baada ya mwaka? Mgeni. Safari yote ya siku nne, iliyomfikisha kwenye ukiwa na kumrudisha, itakuwa haikutokea. Atakayekuja kuitazama kazi yake atasema kwamba mfasiri huyu alichukua neno la kwanza lililomjia mkononi.

Umri umewekwa mahali pa thamani kwa sababu mashine inaweza kuusoma umri na haiwezi kuisoma thamani. Siilaumu mashine. Ninachokisema ni kwamba sisi, tunaoweza kuisoma thamani, tumekubali kuhesabu kama inavyohesabu yenyewe.

Katika pwani hii maneno yamebaki kwa njia nyingine kabisa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na tungo zake zikabaki katika vinywa vya watu. Baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, akazikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu; kwa kushirikiana kwake na mmisionari W. E. Taylor zikafika Uingereza. Na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha kitabu, Diwani ya Muyaka, huko Johannesburg. Ni karne nzima. Hakuna kanuni ya siku 30, wala ya mwaka mmoja, wala ya miaka saba kama wanavyotumia wahasibu, ambayo tungo hizo zingeweza kuipita zikafika salama. Na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imetufikia katika nakala za mkono zinazohitilafiana kwa idadi ya beti na kwa mpangilio wake. Ubeti uliopo huku haupo kule. Wataalamu wamezilinganisha na wataendelea kuzilinganisha. Tunapoisoma leo tunasoma matoleo, si toleo, na kila toleo limebaki kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeona kwamba lastahili wino na usiku wake.

Sisemi kwamba kanuni hiyo ya mapenzi ilikuwa timamu. Mapenzi nayo yana upofu wake. Tungo ngapi za wanawake, za watwana, za watu wasiokuwa na jamaa anayejua kuandika, hazikupata Sikujua wao? Mashine, kwa ujinga wake, walau haibagui. Huhifadhi orodha ya sokoni na utenzi kwa heshima moja. Lakini upofu wa mapenzi tunaweza kuujadili, tukamtaja aliyechagua na tukamuuliza alichagua kwa kipimo gani. Tarehe haiulizwi kitu.

Iko kanuni nyingine tuliyokuwa nayo, ambayo naiona ni ya hekima kuliko zote. Waliosoma chuoni zamani wanaujua ubao: ubao wa mti, wino wa masizi, kalamu ya mwanzi. Mtoto aliandikiwa aya zake, akazisoma, na zikimkaa moyoni ubao ulioshwa na somo jipya likaandikwa. Hakuna aliyesema ubao uoshwe kila Alhamisi. Mwalimu alisikiliza kwanza. Aliyekwisha kuhifadhi alifuta. Ambaye hajahifadhi hakufuta, hata kama ni wiki ya tatu na wenzake wamemwacha nyuma. Kiswahili kimelibeba jambo hili katika kitenzi kimoja ambacho mafundi wa kompyuta wamekiazima pengine bila ya kukifikiri: kuhifadhi. Chuoni maana yake ni kutia moyoni ili ubao uweze kufutwa. Kwenye kompyuta maana yake imekuwa kutia diskini ili moyo uweze kusahau. Neno ni lile lile, na mwendo wake umepinduka miguu juu. Lakini lililo muhimu katika kanuni ya ubao ni kwamba kilichoruhusu kufuta kilikuwa ni tukio, si tarehe. Jambo fulani lazima liwe limetokea, na mtu fulani lazima awe ameshuhudia kwamba limetokea.

Sasa nije kwenye swali la miliki. Rasimu zangu si zangu? Kwa nini nisizifute nitakavyo? Nadhani kwa sehemu kubwa ni haki ya mwandishi, na sina ugomvi na mwenye kupenda nyumba safi. Abu Hayyan al-Tawhidi, mwanadabi mkubwa wa Kiarabu wa karne ya 10 na mwanzo wa ya 11, alivichoma vitabu vyake mwishoni mwa umri wake. Alipolaumiwa aliandika barua kujitetea, na barua hiyo imetufikia kwa sababu Yaqut al-Hamawi aliinakili katika kamusi yake ya wanaadabu. Vitabu vyake kadhaa pia vimetufikia, maana vilikuwa vimeshaingia mikononi mwa watu kabla ya moto. Moto wa mwandishi haufiki mbali kuliko ua wa nyumba yake.

Walt Whitman wa Marekani alikitoa kitabu chake, Leaves of Grass, mwaka 1855 kikiwa na mashairi 12, akaendelea kukitoa upya na kukinenepesha hadi toleo la mwisho la 1891 na 1892, na alitaka hilo la mwisho ndilo liwe kitabu. Wapo wasomaji wasiomtii. Wanalipenda lile jembamba la kwanza, na wana haki yao, maana alikwisha kuwapa. Marianne Moore, naye wa Marekani, alifanya jambo la ajabu zaidi. Shairi lake liitwalo “Poetry”, lililotoka mara ya kwanza mwaka 1919, alilikata mwaka 1967 likabaki mistari mitatu. Lakini katika kitabu kile kile, nyuma kabisa, kwenye maelezo, aliliweka lile refu. Hii naiona ni kanuni ya mtu mwaminifu: ametoa hukumu yake waziwazi, na ameuacha ushahidi pale mezani kwa anayetaka kukata rufaa.

Na karibu na nyumbani, Julius Nyerere alichapisha mwaka 1963 tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar, na mwaka 1969 ikatoka tena ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtu akiyaweka majina hayo mawili sambamba, kabla hata ya kufungua ukurasa, anaona lugha inavyofanya kazi ya kumvisha mgeni kanzu. Miaka sita, na mgeni ameanza kuitwa kwa sauti ya Kiswahili. Kama lingebaki toleo la pili pekee, tungelijua jina na tusingeijua safari. Mimi niliyejifunza tafsiri bila ya skuli wala mwalimu, kwa kulinganisha kurasa za watu, nathubutu kusema kwamba nimefaidika zaidi na matoleo mawili ya kazi moja ya mtu kuliko na kazi mbili zilizokamilika.

Kwa hivyo anayefuta rasimu zake zote ili aonekane amezaliwa akijua, hakutenda dhambi, lakini amewanyima wanaomfuata ngazi aliyopandia yeye.

Ufutaji hubadilika rangi pale anayefuta anapokuwa ndiye atakayenufaika kwa kusahauliwa. Mwaka 1961, makoloni ya Uingereza yakielekea uhuru, Waziri wa Makoloni Iain Macleod aliagiza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Nyingine zilichomwa moto, nyingine zilisafirishwa hadi Uingereza na kufichwa. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba inayo majalada yaliyofichwa pale Hanslope Park. Ile nayo ilikuwa kanuni ya muda wa kuhifadhi, iliyoandikwa kwa lugha safi ya kiofisi, yenye madaraja na mihuri. Kipimo chake kilikuwa kimoja: nani ataona haya. Mwandishi anayekaa usiku kuchagua rasimu za kufuta na ajiulize swali hilo hilo, kwa kiasi chake kidogo. Je, nafuta kwa sababu neno hili halifai, au kwa sababu linanishuhudia?

Mpaka hapa msomaji atadhani kwamba ninamtaka ahifadhi kila kitu. Hapana. Diski zimekuwa rahisi, na wapo wanaosema kwamba swali limekwisha kufa: nunua diski kubwa, weka vyote, usifute milele. Ni maneno yanayopendeza kwa sababu yanamwondolea mtu kazi ya kuamua. Lakini kuweka nako ni kitendo, kama kufuta kulivyo kitendo, na kuna watu kinawaangukia.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiandika nyimbo za harusi na za ngoma kutoka kwa akina bibi wa upande wa kusini wa Unguja. Mmoja wao, aliyekwisha kupita miaka 80, aliniimbia wimbo mrefu wenye vijembe, na ubeti mmoja ulikuwa ukimchoma mke mwenzake wa zamani kwa jina na kwa aibu ya nyumbani mwake. Ulikuwa ubeti mzuri, na ubaya wake ndio uliokuwa uzuri wake. Niliporudi baada ya miezi kadhaa kumsomea nilichokiandika, alisikiliza mpaka mwisho akasema, “Mwanangu, ule ubeti wa mke mwenza utoe. Mwenyewe keshakufa, wanawe wapo, na mmoja ndiye anayeniletea maji.”

Nikamwambia, “Utatoka, bibi,” na katika jalada nililokuwa nikilifanyia kazi ulitoka siku ile ile. Lakini sikupenda abaki akidhani kwamba umekwisha ilhali upo. Nikamweleza kwamba mashine yangu huyaweka maandishi ya zamani, na kwamba ubeti wake ungekaa humo mwaka mzima kabla ya kutoweka wenyewe.

“Mwaka?” alisema. “Mfiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hicho kijembe kina nini hata kikae mwaka?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mwaka ulikuwa umechaguliwa na mtu wa programu. Eda walau imechaguliwa kwa sababu: ni muda wa kuhakikisha jambo, na wa moyo kutulia, kisha maisha yafunguliwe tena. Tukakubaliana kwa muda wake. Kwa miezi ya mwandamo ni takriban siku 128, nami niliitia hesabu hiyo kwenye programu, ambayo haikuuliza imetoka wapi.

Kazi haikuishia hapo, na hapa ndipo nilipoona jinsi ufundi na uadilifu vinavyoshikana. Programu yangu hufuta toleo zima la jalada; haijui kufuta ubeti ukaacha jirani zake. Na katika jalada lile zilikuwamo nyimbo za akina bibi wengine watano, pamoja na maneno waliyoyabadilisha kila nilipowatembelea. Kulifuta neno la mmoja kulikuwa ni kuyafuta mabadiliko ya watano ambao hawakuniomba kitu. Nilikaa usiku tatu kuyanakili ya hao watano, toleo baada ya toleo, katika majalada ya peke yao, kila bibi na lake, ndipo lile la pamoja likawekewa muda wake. Tangu hapo sichanganyi amana za watu wawili katika jalada moja. Mtu hahifadhi fedha za mayatima wawili katika mkoba mmoja.

Rafiki yangu mmoja, mtafiti, alinipinga kwa hoja ambayo siidharau. Alisema: Muyaka alipowakejeli wapinzani wa Mombasa, kama wajukuu zao wangemwendea Sikujua wakamwomba azifute kejeli hizo, naye akakubali kwa ungwana, leo tungekuwa na nini? Nikamjibu kwamba ule ulikuwa ugomvi wa miji na wafalme, na huu ni wa jikoni. Akaniambia, “Na historia ya wanawake wa pwani iko wapi kama si jikoni? Ukifuta vya jikoni kwa ajili ya stara, utabaki na historia ya wanaume na vita vyao.”

Ni kweli. Akaongeza kwamba nyaraka za serikali hufungwa miaka 20 au 30 kisha hufunguliwa. Kwa nini ubeti usifungiwe mpaka wote wanaohusika wawe wamekwisha kufa? Nililiona shauri jema, nikalipeleka kwa bibi. Alisikiliza kwa adabu, akauliza, “Na wajukuu?”

Nimelipima jambo hili mara nyingi na nimesimama na yeye, ingawa sisimami kwa raha. Historia ina haki, lakini haki yake haikuwa kifuani mwa bibi yule siku aliponiimbia. Aliniimbia mimi, kwa kuniamini, na aliyetoa neno kwa amana anaweza kulirudisha maadamu halijatoka kwenda kwa watu. Ningelikuwa nimelichapisha, ningemjibu kama Whitman anavyojibiwa na wasomaji wake. Sikuwa nimelichapisha. Sheria mpya za nchi zetu kuhusu taarifa binafsi, ile ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, nazo zimelitambua jambo hili kwa lugha yao: taarifa ya mtu isiwekwe kupita haja iliyochukuliwa kwayo. Bibi hakuzisoma, na hakuhitaji kuzisoma.

Baada ya hayo nilikaa nikaziandika upya kanuni za diski yangu, kwa karatasi kwanza. Mashairi yangu mwenyewe: matoleo yote yabaki, hata la saa tisa za usiku, mpaka shairi litoke kwa watu. Litakapotoka, nangoja masika yanifungie ndani, nayasoma matoleo yake moja baada ya moja kwa macho yangu, nachagua matatu au manne yanayoonesha mahali nilipogeuka njia, nayahamishia mahali ambapo programu haifiki. Yaliyobaki yaende. Tafsiri: kila neno nililolikataa kwa sababu, libaki pamoja na sababu yake, maana mfasiri atakayekuja ana haki ya kujua kwamba “mkiwa” ilipita hapa. Mashairi ya hasira, yale ya kumjibu mtu, yanakaa siku saba. Yakipita saba na sijayataka, hayakuwa mashairi. Maneno ya watu wengine yana muda walioutaja wenyewe, na asiyeutaja naulizia kila ninapomtembelea. Programu inakubali kanuni tofauti kwa kila folda, jambo ambalo wengi hawalijui kwa sababu hawakuvuka lile jibu la kwanza.

Imebaki diski moja isiyotii kanuni yoyote. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh aliieneza desturi ya tatu, mbili na moja: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali na nyumba, kwa kuhofia moto na mwizi. Nami yangu ya mbali iko Pemba, kwa ndugu yangu, ndani ya kabati la nguo, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya unyevu. Haikuunganishwa na kitu. Muda haupiti ndani yake. Kila kilichokuwamo siku nilipoiacha kimo vile vile, na ubeti wa mke mwenza umo pamoja navyo. Eda yake ilikwisha mwezi uliopita, na hapa Unguja haupo tena. Kule hakuna programu ya kuutoa ila mimi nivuke. Nimekata tiketi ya boti ya Alhamisi, na sijaamua kama nitausoma kabla ya kuufuta.